Magunia Sita ya Mama Eulalia

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Anderlecht, nimeshika kichane cha ndizi za kupika, simu yangu ilipotoa mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa mjukuu wa Mama Eulalia, kutoka milima ya Guatemala, kwa Kifaransa cha kutafsiriwa na simu: bibi yao amefariki, amezikwa jana, na kabla ya kufa alitaja watu wa kuarifiwa, nami nilikuwa mmoja wao. Nilizirudisha ndizi mezani bila kumjibu muuzaji aliyekuwa akinipigia bei, nikatoka nje ya soko, nikausoma tena nimesimama kando ya ukuta. Wanangu wanamjua Mama Eulalia kwa jina. Nimewasimulia mara nyingi yule mwanamke mfupi aliyekaa nasi majira mamoja ya baridi na kutufundisha kunywa kokoa. Kila nilipowasimulia niliruka kipande kimoja, kile kinachonihusu mimi. Sasa nina miaka hamsini kasoro miwili, aliyekuwa tayari kunilinda kwa ukimya wake amekwisha kwenda, na nadhani ni zamu yangu kusema.

Nilifika Brussels nikiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwezi wa Januari. Ya nyumbani sitayaeleza hapa, isipokuwa hili tu: nilitoka Kyela, na nililelewa ndani ya kokoa. Kabla sijajua kusoma nilikwisha jua kufunika mbegu mbichi kwa majani ya mgomba ndani ya sanduku la mbao ili zichachuke, kazi tunayoiita kuvundika, kuzigeuza siku ya tatu, kunusa ule uchachu unaopanda hadi kwenye macho, na kuzianika kwenye mikeka. Mbegu ambayo haikuvundikwa haitoi ladha ya chokoleti, na kwetu ilikuwa aibu. Bwana shamba alikuwa akiishika kwa vidole viwili mbele ya watu wote, na mwenye nayo alitazama chini.

Nilipanga chumba kwa Maman Béa, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitenge, katika Matonge, mtaa wa Wakongo, hatua chache kutoka Chaussée de Wavre. Ngazi zote zilinuka wanga wa vitambaa vipya. Chumba changu kilitosha kitanda na kiti, na dirisha lake lilitazama ua wa nyuma ambako jirani aliweka friji mbovu. Lakini chumba kilikuwa cha kulala tu. Kuishi, tuliishi jikoni. Kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki chenye picha za ndimu, kinu cha mti cha kutwangia sombe, yaani kisamvu, redio iliyosema Kifaransa siku nzima bila kusikilizwa na mtu, na Maman Béa mwenyewe, mwili mpana, sauti pana, aliyefanya kazi asubuhi katika nyumba ya wazee na kurudi saa nane akiwa na njaa ya kuongea. "Subi, mutoto yangu, ikala. Kula kwanza," alikuwa akiniambia huku akinivutia kiti, kabla sijavua koti. "Hapa Ulaya baridi inakulaka batu benye tumbo wazi. Bon, alors, patron yako amesema nini leo?" Mimi nilimjibu kwa Kiswahili changu cha Mbeya, naye akacheka na kusema ninaongea kama redio ya serikali.

Patron aliyemtaja ni Joris, mwenye karakana ndogo ya chokoleti huko Anderlecht, katika ghala la zamani nyuma ya kituo cha metro. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye alama za kuungua mikononi, na maneno yake yalikuwa machache kiasi kwamba wiki ya kwanza nilidhani amenichukia. Nilianza kwa kuosha trei na kufagia maganda. Mwezi wa Machi yaliingia magunia mapya, nikapita karibu nayo na ndoo, nikasimama. Nilimwambia kwa Kifaransa changu cha kuokoteza kwamba mbegu hizi hazikugeuzwa vizuri sandukuni, za upande mmoja hazijachachuka. Alinitazama, akachukua kisu, akapasua moja, akapasua ya pili, akapasua kumi. Nilikuwa sahihi. Tangu siku ile alinipa kisu kile na ubao, na kila gunia lililoingia lilipita kwangu kwanza. Nilipasua mbegu hamsini, nikatazama rangi, nikajaza karatasi, nikatia sahihi chini. Wateja walipokuja, Joris alinionyesha kwa kidevu na kusema, "Huyu ni pua yangu." Sikuwa nimewahi kuwa chochote cha mtu yeyote. Nilipanda metro nikiwa nimenyoosha shingo, nikiamini abiria wote wanaona. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba, na Joris alikuwa amesema atauamua mwezi wa Novemba, kwa namna atakavyoiona kazi yangu.

Ndivyo nilivyokuwa mwezi wa Oktoba, magunia sita yalipoletwa na gari dogo la parokia. Joris alisema yanatoka kwa wakulima wa milimani Guatemala, watu wa asili wa nchi ile, mashamba ya robo eka na nusu eka, na kwamba padri mmoja amemwomba ayatazame. Nilifungua gunia la kwanza na kuingiza mkono. Mbegu zilikuwa safi mno, ngozi zake nyepesi na zenye rangi ya ngano, kama maharage yaliyooshwa tayari kwa sufuria. Hazikuwa na uchachu wowote. Nilipasua. Ndani kulikuwa na zambarau, na kijivu, na nyingine nyeupe kabisa kama karanga. Siku ile karakanani walikuwapo wateja wawili kutoka mji mwingine, na Joris alikuwa amesimama nao nyuma yangu, akinisubiri. Nilihisi macho yao mgongoni. Ningeweza kusema sijawahi kuona kokoa ya namna hii. Ningeweza kuuliza. Badala yake nilishika mbegu moja kwa vidole viwili, nikaiinua juu ili wote waione, nikasema, "Hizi hazijavundikwa hata siku moja. Aliyezikausha hajui kazi." Wateja wakacheka kidogo. Joris akaitikia kwa kichwa. Nikaandika kwenye karatasi kwamba hazifai, nikatia sahihi yangu yote, jina na jina la ukoo.

Niliporudi nyumbani jioni ile nilikuta mgeni jikoni. Alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, mfupi hivi kwamba miguu yake haikugusa sakafu alipokaa kitini, amevaa sketi ya kufumwa yenye mikunjo mingi na, juu yake, sweta ya Maman Béa iliyomfika magotini. Kando yake alikaa Padri Gustaaf, mzee Mbelgiji aliyekuwa mmisionari Kivu miaka mingi, kisha Guatemala, na sasa amestaafu katika parokia ya Maman Béa. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na cha adabu. "Mwanangu," aliniambia, "huyu ni Mama Eulalia. Atakaa chumba cha pembeni mpaka Krismasi. Amekuja na kokoa ya kijiji chake. Wanaiosha majini, hawaivundiki. Sasa iko kwa bwana mmoja wa Anderlecht." Nilisikia masikio yangu yakiwaka. Nikapiga goti kidogo kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikasema karibu sana mama. Habari ya karatasi yangu nikaificha.

Jumapili iliyofuata nilikuwa chumbani mwangu, mlango ukiwa wazi kidogo, Padri alipokuja baada ya misa. Mama Eulalia alikuwa amelala kwa mafua. Nilimsikia Padri akimwambia Maman Béa kwa sauti ya chini kwamba Joris amekataa. "Anasema mtaalamu wake amepasua mbegu na kuona kwamba aliyezikausha hajui kazi."

"Ah non," akasema Maman Béa. "Mutaalamu gani mwenye anasemaka vile?"

"Sikuuliza jina. Nami sijui nimwambie vipi huyu mama. Walikaa mkutano kule kijijini, Béa. Kuna kampuni inataka ardhi yao ipande michikichi. Vijana wanasema miti ya kokoa ikatwe, maana hakuna anayeitaka kokoa ya kuoshwa, wote wanataka ile ya kuvundika. Wazee wakasema, tupeni nafasi moja tu, tuipeleke mahali pa chokoleti, wakiikataa na huko tutanyamaza. Wakamchagua yeye."

Kisha nikasikia Maman Béa akisema, taratibu sana, "Bon. Tutaona," na mlio wa kijiko ndani ya kikombe. Nilikaa kitandani nimeshika magoti. Nilijiambia nimesema kweli, mbegu hazikuvundikwa, na kila mtu Kyela angesema vilevile. Nilijiambia nikifungua mdomo nitapoteza mkataba, na nikipoteza mkataba nitapoteza karatasi za kukaa. Hayo yote yalikuwa kweli. Nimeishi muda wa kutosha sasa kujua kwamba mtu anaweza kujifunika kwa ukweli kama kwa blanketi.

Siku kumi na moja nilinyamaza, na siku hizo ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Wale mama wawili hawakuwa na lugha moja kati yao, na hilo halikuwasumbua hata kidogo. Maman Béa aliongea Kiswahili chake na Kifaransa chake, Mama Eulalia akajibu kwa lugha ya kwao na Kihispania cha sokoni, wakachambua majani ya sombe wakicheka mahali palepale. Mama Eulalia hakupenda fufu, ule ugali wa muhogo, ila alipenda makayabu, samaki wa chumvi, na pilipili alikula kama mtu anayekula tunda. Aliosha kila chombo kabla hujamaliza kukitumia. Asubuhi moja nilivaa koti langu na kukuta bitana yake, iliyochanika tangu Machi, imeshonwa kwa uzi wa buluu, mishono midogo iliyonyooka. Alikuwa amesimama mlangoni akinitazama aone kama ninapenda. Nikasema asante. Nililia kwenye metro, nimegeukia dirisha, ingawa nje hapakuwa na kitu ila giza la handaki.

Siku ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, hatukwenda kazini. Padri alikuja mapema, kwa kuwa Mama Eulalia alikuwa ameomba kutengeneza kinywaji kwa ajili ya marehemu wake, na alitaka kisemwe kitu kabla ya kunywa. Alitoa mfuko wa kitambaa wenye mbegu zilezile. Akaweka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, akamimina mbegu, akazigeuza kwa mkono mtupu, polepole, kama anayempapasa mtoto mgongo. Harufu ilipoanza kupanda nilisogea bila kujua. Haikuwa harufu ya karakana. Ilikuwa kama karanga, kama mkate, kama kuni za mti mbichi. Akanionyesha namna ya kumenya ganda kwa kidole gumba mbegu ikiwa bado ya moto, na tukamenya sote wanne, Padri akiungua na kusema pole kwa nafsi yake. Kisha akakitazama kinu cha sombe, akamtazama Maman Béa, naye akasema, "Vas-y maman, twanga." Alitwanga mpaka mbegu zikatoa mafuta na kuwa rojo, akaongeza mdalasini na pilipili manga, akamimina maji ya moto, akakipandisha na kukishusha kinywaji kati ya majagi mawili mpaka povu likasimama.

Alisema majina ya watu wake waliokufa. Maman Béa akasema ya wake, na yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia. Tukanywa. Kilikuwa kichungu, kisha uchungu ukafunguka na chini yake kukawa na utamu usio wa sukari, mtulivu, usio na uchachu hata chembe. Nilikishika kikombe kwa mikono yote miwili na jambo moja likanijia kwa nguvu: nilikuwa nimekua ndani ya kokoa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuinywa. Kwetu tulivuna, tukavundika, tukaanika, magari yakachukua. Mama yangu hajawahi kujua ladha ya alichokilima maisha yake yote. Na hawa walikuwa wameilima kwa ajili ya kinywa chao wenyewe, kwa harusi na misiba na siku ya kupanda mahindi, tangu kwa mababu wa mababu. Waliiosha kwa kuwa hivyo ndivyo walivyoipenda.

"Padri," nikasema, "mwambie ni mimi."

"Wewe nini, mwanangu?"

"Mtaalamu wa Joris. Niliyesema aliyezikausha hajui kazi. Ni mimi."

Padri aliweka kikombe chini. Alitafsiri kwa sauti ndogo. Mama Eulalia alimsikiliza huku akinitazama mimi. Macho yake hayakuniacha. Akauliza neno moja.

"Anauliza, ulionja?"

"Hapana. Nilipasua tu. Nilitazama rangi."

Akasema kitu kirefu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Padri akatafsiri: "Anasema mwaka huu walioosha mbegu zile ni yeye na dada yake, mtoni, kwenye vikapu. Dada yake alikuwa mgonjwa tayari. Jina lake ni la kwanza kati ya yale aliyoyataja sasa hivi. Anasema dada huyo alijua kazi."

Nilipiga magoti pale sakafuni, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya. Hakuniinua. Aliniacha pale kwa muda, na nadhani alikuwa na haki. Kisha akanipa kikombe changu kilichobaki nusu, akaonyesha ninywe nimalize. Maman Béa ndiye aliyenivuta mkono nisimame. "Nilijua tangu ile dimanche, ile siku ya misa," aliniambia sikioni. "Nani mwingine pale Anderlecht anajua kokoa? Nilisema, tutaona kama iko muntu ama iko pua tu."

Jumatatu nilikwenda kwa Joris na chupa ya kuhifadhi joto iliyojaa kinywaji cha Mama Eulalia. Nilimwambia nilikosea, kwamba nilihukumu kitu nisichokijua kwa kipimo cha kitu kingine. Alikunywa akiwa amesimama. Alikunywa chote. "Ni kizuri," akasema. "Lakini mimi natengeneza chokoleti, na hii haitakuwa chokoleti kamwe. Kwa hilo hukukosea."

"Nilisema hawajui kazi, mbele ya watu. Hilo si kweli. Naomba ile karatasi niiandike upya."

"Leo haifai, kesho inafaa. Wateja wangu wataamini sahihi yako vipi?"

"Waamini ile ninayoiandika leo."

Alivuta karatasi mpya kutoka mezani, akanipa. Niliandika kwamba ni kokoa iliyooshwa, iliyokaushwa kwa ustadi mkubwa, ya kunywa, si ya kuvundika. Aliipiga muhuri. Magunia hakuyanunua, na mwisho wa Novemba aliniambia mkataba wangu hautaendelea. Hakunipa sababu, nami sikuiomba. Nilirudisha kisu na ubao. Nilimchukia miaka miwili hivi, kisha chuki ikaisha yenyewe. Yeye angalau alikunywa kabla ya kusema.

Desemba yote tulisaga. Padri aliyaleta magunia ukumbini mwa parokia, na kila Jumapili baada ya misa Mama Eulalia alikaanga, Maman Béa akatwanga huku akiwapigia kelele waliokuja na vikombe vidogo, mimi nikamimina. Mwanzoni walikunywa watu wa Matonge kwa udadisi, Wakongo na Warundi, wakasema kinafanana na dawa, wakarudi kuongezewa. Halafu habari zikaenea kwa wanawake waliotoka nchi za upande wa Mama Eulalia, wafanyakazi wa majumbani wengi wao, ambao sikuwahi kujua kama wapo mjini humu. Mmoja alikuja kutoka mtaa wa Molenbeek na watoto watatu; alikunywa, akakaa kwenye kiti cha nyuma cha ukumbi akilia kimya, akaondoka na mfuko wa mbegu chini ya koti. Mpaka Krismasi yalikuwa yameisha magunia mawili na nusu. Mabaki Padri aliahidi kuyagawa taratibu. Haukuwa ushindi, na hakuna aliyejifanya kwamba ni ushindi.

Kwenye uwanja wa ndege, siku Mama Eulalia alipoondoka, nilimuuliza kupitia kwa Padri atawaambia nini kijijini. Alifikiri. Akasema kwamba ataeleza yote yalivyokuwa, na kwamba kama nataka, anaweza asilitaje jina langu. Nilimwambia alitaje. Akanipapasa shavu kwa ule mkono mkavu, mara moja, akaenda zake na begi lake begani bila kugeuka.

Simu ya Padri Gustaaf ilinikuta jikoni mwezi wa Machi, wakati wa chakula cha mchana, nami nilikuwa nimeanza kazi katika nyumba ya wazee pamoja na Maman Béa, kazi iliyookoa karatasi zangu za kukaa. Aliniambia mkutano umefanyika. Mama Eulalia alisimama na kusema magunia mengi hayakupata mnunuzi, na kwamba mahali pa chokoleti hawakuitaka kokoa yao. Kisha akasema kulikuwa na binti kule, mtoto wa wakulima wa kokoa kama wao, aliyeidharau, na binti yule akainywa, akarudi kwa mwajiri wake kujikanusha ingawa ilimgharimu kazi. Akawauliza vijana: kama mgeni ameacha kazi yake kwa ajili ya kokoa yetu, sisi tutaiacha kwa ajili ya nini? Baada ya hapo, Padri alisema, walibishana siku mbili. Familia tisa zilikata miti. Familia saba zilikataa, nazo hazijakata.

Niliweka simu mezani. Maman Béa, aliyekuwa akipakua wali, aliuliza kuna nini, nikamweleza kwa vipandevipande, tisa na saba, tisa na saba, mpaka akaelewa. Akazima jiko, akavuta kiti kando yangu, akanishika mkono. "Saba," akasema. "Mutoto yangu, saba iko batu."